Ibn Battuta: Mgeni katika Mwambao wa Waswahili

Abu Abdallah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa Tangier, nchini Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaondoka peke yake kwenda kuhiji Makka, bila mwandani wala msafara wa kufuatana nao. Safari hiyo ya ibada ilizaa nyingine nyingi, naye hakurejea kwao hadi mwaka 1349.

Mnamo mwaka 1331 alipanda chombo kutoka Aden, akapitia Zeila na kufika Mogadishu. Huko alikuta desturi iliyomstaajabisha. Kila jahazi lilipotia nanga, vijana walilijia kwa mashua, kila mmoja amechukua chakula kilichofunikwa, wakamkabidhi mfanyabiashara mmojammoja na kumtangaza kuwa mgeni wao. Ukarimu huo ulikuwa pia sheria ya soko: mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia mgeni bidhaa, na biashara iliyofanywa bila yeye kuwapo ilihesabiwa batili. Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara bali mwanafikihi, kwa hiyo alipokewa na kadhi, akapelekwa kwa mtawala na kukirimiwa tambuu na popoo.

Chakula alichoandaliwa amekieleza kwa makini kuliko majengo ya mji. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ikumbukwe kwamba pilipili hizo si zile zilizotoka bara la Amerika, kwani hizo zilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Mgeni huyo hakuficha mshangao wake: aliona kwamba mtu mmoja wa huko alikula kiasi ambacho kwao kingewatosha watu kadhaa.

Kutoka Mogadishu alielekea kusini kwa upepo wa kaskazi. Njia hiyo hupita mbele ya visiwa vya Lamu, lakini kitabu chake hakitaji Lamu, Manda wala Pate. Je, kimya hicho ni ushahidi kwamba visiwa vile havikuwa na ustaarabu? La hasha. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, umeonyesha kwamba palikuwa na msikiti tangu karne ya 8, na msikiti wa mawe ya matumbawe ulijengwa hapo zamani kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Msafiri huandika pale chombo chake kilipotia nanga. Hivyo basi, anayetegemea maandishi ya wageni peke yake huiacha nusu ya historia ya mwambao baharini.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka nje. Aliwasifu kwa uchaji Mungu wao, akataja misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vilivyokuwa milangoni pake ili kila aingiaye atawadhe miguu. Hatimaye alifika Kilwa, ambako alimsifu Sultani al-Hasan kwa ukarimu wake kwa maskini, kisha akarudi Uarabuni kwa upepo wa kusi.

Mwaka 1355, mjini Fez, alikamilisha kumsimulia mwandishi Ibn Juzayy safari zake zote kwa amri ya Sultani Abu Inan. Alifariki dunia mnamo mwaka 1368 au 1369.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, thamani ya Ibn Battuta ni ya namna mbili. Kwanza, alitumia jina Sawahil kwa nchi hii karne nyingi kabla ya wakoloni, jina ambalo ndilo asili ya neno Waswahili. Pili, aliandika mambo ambayo wanahistoria wa wafalme huyapuuza: nani humpokea mgeni na humlisha nini. Wali, kitoweo, achari na tambuu vingali vinajulikana Lamu hadi leo. Kisiwa ambacho hakukitaja kimeuhifadhi mlo aliousimulia.