Fundi Konde: Mpiga gitaa aliyesikika zaidi ya alivyofahamika

WAPENZI wa muziki wa zilizopendwa, wawe Mombasa au kwenye vilima vya majanichai vya Ekerenyo kule Nyamira, huutambua wimbo wa Tausi punde gitaa linapoanza kulia. Jina la aliyeutunga haliwajii upesi hivyo.

Mtunzi huyo ni marehemu Fundi Konde, mwana wa pwani aliyezaliwa mwaka wa 1924 na kufariki mwaka wa 2000. Kati ya miaka hiyo aliishi maisha mawili: moja la mwanamuziki ambaye sauti ya gitaa lake ilienea Afrika Mashariki nzima, na jingine la mzee mtulivu ambaye majirani wangeweza kumpita njiani bila kujua kwamba ndiye waliyemsikia redioni.

Kama vijana wengi wa enzi yake waliopata elimu ya misheni, Konde hakuanza kwa kuutegemea muziki. Aliajiriwa katika kazi ya ukaguzi wa afya huko pwani, huku gitaa likiwa burudani ya jioni. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyombadilishia njia. Mwaka wa 1944 wanajeshi wa Afrika Mashariki walikuwa wakipigana na Wajapani katika misitu ya Burma, na wakuu wa kikosi cha King's African Rifles waliona kwamba askari aliye mbali na kwao huhitaji wimbo kama anavyohitaji chakula. Konde akawa miongoni mwa waliochaguliwa kuwatumbuiza askari hao huko Ceylon, India na Burma.

Hilo lilikuwa chuo cha aina yake. Vijana hao walikutana na ala na mitindo ya dansi ya mataifa mengine, wakajifunza kupiga kwa pamoja na kwa nidhamu, jioni baada ya jioni, mbele ya wasikilizaji wa makabila na lugha mbalimbali. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Si ajabu basi kwamba waliporejea, nyimbo zao hazikuwa za kijiji kimoja wala kabila moja.

Baada ya vita Konde aliingia Nairobi na kufanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akijenga biashara ya muziki na matangazo. Biashara hizo mbili zilikwenda sako kwa bako: wimbo uliwavuta watu, na bidhaa ikanadiwa papo hapo. Hata miongoni mwa nyimbo za Konde umo Jambo Sigara, jina ambalo halihitaji kufafanuliwa.

Kurekodi siku hizo kulikuwa kazi ya jasho. Upande mmoja wa santuri ulibeba takribani dakika tatu tu. Hapakuwa na mashine ya kurekebisha kosa la mmoja bila kuwasumbua wengine. Mpiga gitaa akiteleza katika ubeti wa mwisho, wote walirudi mwanzo. Ndiyo maana mpigaji mwenye mkono thabiti alikuwa mali studioni.

Mkono wa Konde ulikuwa hivyo. Anahesabiwa kuwa Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, lakini hakulitumia kupiga makelele. Gitaa lake lilikuwa laini, lenye mwendo wa rumba ya Kuba iliyokuwa ikifika Afrika Mashariki kwa santuri, na chembe za jazi katika namna alivyopanga sauti. Mara nyingi klarineti ilimjibu, nao waimbaji wawili wakaoanisha sauti zao kwa upole. Majengo Siendi Tena na Mama Sowera ni nyimbo za mjini hasa. Ndani yake mna mitaa, mapenzi na mikosi ya watu waliokuwa wakijifunza kuishi mbali na wazee wao.

Baadaye alihamia upande wa pili wa kioo cha studio, akawa fundi wa mitambo ya kurekodi. Hapo jina lake lilimfaa sawasawa. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyozidi kumficha. Lebo ya santuri ilimtaja mwimbaji. Aliyesogeza kipaza sauti wala aliyepiga gitaa nyuma ya mwimbaji hakuwa na nafasi katika karatasi ile ndogo ya mviringo. Kufikia wakati Kenya inajinyakulia uhuru mwaka wa 1963, vijana wengine walikuwa wameshika usukani, twisti ikivuma, naye Konde akajiondoa katika muziki.

Kimya hicho kilidumu karibu miaka 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa imepata sifa kwa wimbo wa Jambo Bwana, ilimtafuta mzee huyo, ikamrudisha studioni na kurekodi upya nyimbo zake. Mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ikakusanya rekodi zake za kale katika sidii moja.

Konde alikuwa na umri wa miaka 70. Wanamuziki waliompigia ala safari hii walikuwa bado wadogo au hawajazaliwa alipozitunga nyimbo hizo, na gitaa alilolishika halikuwa na haja tena ya kupatia kila kitu kwa mkupuo mmoja.