Dkt. Martin Luther: Safari ya Kuutafuta Utakatifu

Usharika wetu unapotimiza miaka 100, inafaa washarika na wageni wetu wa Dayosisi wamkumbuke mtumishi ambaye jina lake limo katika jina la Kanisa letu. Wengi humkumbuka Dkt. Martin Luther kwa hoja zake 95. Lakini kabla ya hoja hizo palikuwa na swali lililomnyima usingizi kwa miaka mingi: mwenye dhambi atasimamaje mbele za Mungu aliye mtakatifu?

Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 mjini Eisleben, Ujerumani, akabatizwa siku iliyofuata. Baba yake, Hans, alijipatia riziki katika shughuli za migodi ya shaba, naye alitamani mwanawe awe mwanasheria. Julai 1505, kijana huyo akiwa njiani kurudi chuoni Erfurt, alikumbwa na dhoruba ya radi. Kwa hofu ya kifo aliweka nadhiri ya kuwa mtawa, na baada ya majuma mawili akaingia katika nyumba ya watawa wa Augustino, jambo lililomuudhi sana baba yake.

Humo aliutafuta utakatifu kwa nguvu zake zote. Alifunga, alikesha katika sala, alistahimili baridi, tena aliungama kwa muda mrefu hata akawachosha waliomsikiliza. Hata hivyo, alipomaliza kuungama alikumbuka dhambi nyingine. Alitambua kwamba hata matendo yake mema aliyatenda kwa kujipenda, ili aepuke hukumu. Akafikia hatua ya kumchukia moyoni Mungu yule yule aliyetaka kumpendeza. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo badala ya kuhesabu makosa yake, akamhimiza pia asome na kufundisha Maandiko. Mwaka 1512 Luther alipata Udaktari wa Theolojia na kuwa mwalimu wa Biblia mjini Wittenberg.

Ni katika kuutafakari Waraka kwa Warumi ndipo nuru ilipomzukia. Aliona kwamba haki ya Mungu inayotangazwa na Injili si fimbo ya kumwadhibu mwenye dhambi, bali ni zawadi anayopewa kwa ajili ya Kristo, naye huipokea kwa imani. Mtu hafanywi kuwa mwenye haki na matendo yake mema. Akiisha kuhesabiwa haki, ndipo matendo mema hufuata, kama mti mwema uzaavyo matunda yake.

Tarehe 31 Oktoba 1517 alitoa hoja zake 95 kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha. Hoja ya kwanza kabisa ilihusu toba: kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Cheti hununuliwa mara moja na kuwekwa kabatini. Toba haina siku ya kuhitimu.

Je, neema iliviondoa vita dhidi ya dhambi? Hasha. Alipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, Luther alihuzunika kuona Wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana, na wengine wakiugeuza uhuru wa Injili kuwa ruhusa ya kuishi watakavyo. Kwa sababu hiyo aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529. Katika sehemu ya Ubatizo alifundisha kwamba utu wa kale hauna budi kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya ainuke kila siku. Aliyekimbilia utawani kuusaka utakatifu sasa aliuona nyumbani. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto sita. Naye alifundisha kwamba hata baba afuaye nepi kwa imani anampendeza Mungu.

Hatuna budi kusema kweli: Luther hakuwa mkamilifu. Hasira ilimshinda mara nyingi. Mwaka 1525 aliwaandikia wakulima walioasi maneno makali mno, na mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi mambo ambayo Makanisa ya Kilutheri yameyakataa kwa huzuni. Maisha yake yanathibitisha fundisho lake, kwamba mwamini ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi. Nayo yanatuonya kwamba dhambi isiyotubiwa huwajeruhi wengine hata baada ya mtu kufa.

Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kuwapatanisha watawala ndugu wa Mansfeld waliogombana. Baada ya kazi hiyo alifariki tarehe 18 Februari 1546, akiwa na umri wa miaka 62, katika mji ule ule alikobatizwa. Katika karatasi aliyoiacha alikiri kwamba mbele za Mungu sisi sote ni ombaomba.

Wapendwa, yawezekana mtu akakaa miaka mingi kanisani akiificha dhambi yake kwa kuogopa macho ya watu, na mwingine akaizoea kwa kisingizio cha neema. Wote wawili wanaitwa warudi kwenye ubatizo wao. Majina yetu yamo katika daftari la ubatizo la usharika huu; Bwana atujalie kuishi kila siku kama watu waliobatizwa, tukiungama, tukisamehewa na kusameheana, hadi atakapotukamilisha. Amina.