Raja Ravi Varma, Mchoraji wa Bara Hindi

Katika maduka mengi ya Wahindi mjini kwetu, juu ya meza ya fedha, hutundikwa picha ya mwanamke mwenye mikono minne. Amesimama juu ya ua la yungiyungi, na kando yake yuko ndovu. Huyo ni Lakshmi, mungu mke wa baraka na mali katika imani ya Wahindu. Wengi wetu tumeitazama picha hiyo huku tukingojea chenji, tusijue asili yake. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, hata nilipopata kusoma habari za mtu aliyeanzisha picha za namna ile. Nimeona vema niwasimulie wenzangu na wanafunzi wa zamani maisha yake, kwa sababu ndani yake limo swali linalotuhusu sisi sote tunaosoma.

Ravi Varma alizaliwa tarehe 29 Aprili 1848 katika mji wa Kilimanoor, nchi ya Travancore, kusini kabisa mwa Bara Hindi. Siku hizi sehemu hiyo imo katika jimbo la Kerala. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa, wenye kuoana na watawala wa Travancore. Baba yake alikuwa mwanachuoni, na mama yake mtunga mashairi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alizijaza kuta za nyumba picha za wanyama na watu kwa makaa ya moto. Watumishi walikasirika, lakini mjomba wake, ambaye naye alikuwa mchoraji, aliziangalia zile kuta akatambua kwamba mtoto ana kipaji. Badala ya kumpiga akaanza kumfundisha. Hata mwaka 1862, kijana alipokuwa na umri wa miaka 14, mjomba akampeleka mji mkuu, Thiruvananthapuram, katika jumba la Maharaja Ayilyam Thirunal.

Hapa yafaa nieleze kidogo uchoraji wa Wahindi ulivyokuwa. Kusini mwa Bara Hindi, hasa Tanjore, wachoraji walichora miungu kwa rangi kali na mistari minene, wakabandika karatasi za dhahabu na vito. Picha hizo zilikuwa nzuri sana, lakini hazikukusudiwa kumdanganya mtu adhani anaona mwili hai. Hazikuwa na kivuli, wala umbali. Zilikuwa ishara za utukufu. Walakini si kweli kwamba Wahindi hawakujua kabisa kuchora kitu kama jicho linavyokiona. Mfalme Jahangir, aliyetawala kaskazini tangu 1605 mpaka 1627, alikuwa na mchoraji aitwaye Mansur, hodari wa kuchora wanyama na ndege. Mwaka 1621 mfalme aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi, na Mansur akamchora mstari kwa mstari, hata mtu wa kwetu akiiona picha ile leo atamtambua mara moja. Lakini Mansur alitumia rangi za maji juu ya karatasi ndogo. Rangi za mafuta, na picha kubwa kama mlango, zilikuwa mambo ya Wazungu.

Basi Ravi Varma aliziona rangi hizo za mafuta akazitamani. Rangi za maji alifundishwa jumbani. Rangi za mafuta zilikuwa jambo jingine. Unga wa rangi huchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, kisha hupakwa juu ya kitambaa kilichowambwa. Hazikauki upesi, na hiyo ndiyo faida yake, maana mchoraji hupata nafasi ya kuichanganya rangi ya giza na ya mwanga polepole, mpaka shavu liwe la mviringo na hariri ing'ae. Jumbani alikuwako mchoraji mmoja, Ramaswamy Naicker, aliyeijua kazi hiyo, lakini alikataa katakata kumfundisha kijana ambaye angeweza kumshinda kesho. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi wa Naicker, Arumugam Pillai, alikuja kwa siri usiku kumwonyesha kidogo alichokijua. Mwaka 1868 akaja mchoraji kutoka Ulaya, Theodore Jensen, kuwachora watu wa jumbani. Naye hakutaka kufundisha, ila alimruhusu kijana akae atazame. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ravi Varma alikaa, akautazama mkono wa mgeni yule ukienda na kurudi, kisha akaenda kujaribu peke yake, akakosea, akajaribu tena. Shule yake ya rangi za mafuta ilikuwa hiyo tu.

Miaka mitano haikupita bure. Mwaka 1873 alipeleka Madras picha ya mwanamke wa Kinayar akijipamba nywele kwa shada la asumini, akapata nishani ya dhahabu ya Gavana. Picha zake zikapelekwa pia katika maonyesho ya Vienna, zikapata tuzo huko. Mwaka 1893 picha zake kumi za wanawake wa Bara Hindi zilionyeshwa Chicago, Marekani, nazo zikatunzwa nishani. Yeye mwenyewe hakuvuka bahari hata mara moja. Siku zile Mhindu wa ukoo mkubwa aliyesafiri ng'ambo aliweza kutengwa na watu wake.

Pamoja na sifa hizo, kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa kuchora sura za magavana na wafalme. Alitaka kuchora hadithi kubwa za Kihindi, Mahabharata na Ramayana, na hadithi ya Shakuntala iliyoandikwa na Kalidasa. Katika picha moja Shakuntala anatembea na rafiki zake msituni. Amesimama, ameinua mguu mmoja, anajifanya kutoa mwiba. Lakini macho yake hayautazami mguu. Yanatazama nyuma, yakimtafuta mfalme Dushyanta anayempenda. Hakuna dhahabu wala vito katika picha hiyo, na kila msichana aliyepata kutafuta sababu ya kugeuka nyuma huielewa bila kuelezwa. Huo ndio uchoraji ambao wataalamu huuita uhalisia.

Mtawala wa Baroda alimwagiza picha 14 za hadithi hizo. Ravi Varma na ndugu yake mdogo, C. Raja Raja Varma, ambaye alikuwa mchoraji na msaidizi wake, wakasafiri kaskazini kuangalia mavazi na sura za watu wa kila jimbo. Alitaka miungu na mashujaa wavae mavazi ambayo Wahindi wa pande zote wangeyakubali. Akawavika wanawake sari.

Lakini picha za Baroda zilikuwa za jumba la mfalme. Ni nani aliyeweza kuziona? Rafiki mmoja mwenye cheo, T. Madhava Rao, alikuwa amemshauri zamani azipige chapa picha zake. Mwaka 1894 Ravi Varma akafungua kiwanda karibu na Bombay, ambayo siku hizi huitwa Mumbai, akaleta mafundi kutoka Ujerumani. Picha zilichorwa juu ya mawe laini, jiwe moja kwa kila rangi, na karatasi ikapita juu ya jiwe baada ya jiwe mpaka rangi zote zikatimia. Lakshmi na Saraswati, waliokuwa mahekaluni na majumbani, wakauzwa sokoni kwa bei nafuu. Kumbukeni kwamba siku hizo watu wa tabaka za chini walikatazwa kuingia katika mahekalu mengi. Mtu aliyefukuzwa mlangoni pa hekalu sasa aliweza kumtundika mungu wake ukutani mwake mwenyewe.

Kiwanda hakikumtajirisha. Tauni ilizuka Bombay mwaka 1896, madeni yakaongezeka, kiwanda kikahamishiwa Malavli karibu na Lonavla, na mwishowe akamwuzia fundi Mjerumani, Fritz Schleicher. Picha ziliendelea kutoka miaka mingi baadaye. Mwaka 1904 serikali ilimpa nishani ya Kaisar-i-Hind. Ndugu yake akafa mwaka 1905, na yeye mwenyewe akafa tarehe 2 Oktoba 1906, mwenye umri wa miaka 58.

Hata kabla kaburi la sifa zake halijapoa, watu walianza kumlaumu. Huko Calcutta, Mwingereza Havell, aliyekuwa mkuu wa shule ya uchoraji, na mchoraji Abanindranath Tagore, walitaka sanaa ya Bara Hindi irudi kwenye asili yake. Wafuasi wa njia hiyo walisema kwamba Ravi Varma alikuwa ameazima macho ya Wazungu, na kwamba miungu yake ilifanana na watu wa mchezo wa kuigiza waliovalishwa nguo nzuri. Wahenga wetu nao walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Lawama hiyo si ya bure. Baadhi ya picha zake kweli hufanana na watu waliopangwa jukwaani, na utukufu ule wa Tanjore umepungua ndani yake. Lakini na tuwapime waliolaumu kwa mizani ile ile. Abanindranath alipochora picha yake mashuhuri ya Mama wa Bara Hindi, mwaka 1905, rangi zile laini kama ukungu alijifunza kwa wachoraji wa Kijapani. Kila mmoja aliazima. Tofauti ni kile alichokifanya kwa chombo alichoazima. Ravi Varma hakukichukua kwenda kuchora mashamba ya Uingereza. Alikitumia kusimulia hadithi za mama yake, akawapelekea watu ambao hawakuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 1979 serikali ya India iliziweka picha zake katika hazina za taifa zisizoruhusiwa kutolewa nchini.

Nasi tunasoma kwa lugha na kalamu tulizozikuta kwa wengine, na wako wazee nyumbani wanaotuuliza kama tutarudi tungali watoto wao. Jibu halimo katika kalamu. Limo katika habari tutakazoandika nayo, na katika watu tutakaowaandikia.

Nimalize kwa jambo moja. Wajukuu wawili wa kike wa Ravi Varma waliingizwa katika ukoo wa watawala wa Travancore mwaka 1900. Mwana wa mmoja wao, Chithira Thirunal, alipata kuwa Maharaja. Mwaka 1936 kitukuu huyu wa mchoraji alitoa amri ya kufungua milango ya mahekalu ya serikali kwa Wahindu wa kila tabaka. Picha za babu yake zilikuwa zimetangulia kuingia nyumbani kwa watu hao miaka 40 kabla.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita