Jenerali China: Askari Aliyerudi Mara Mbili

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika wilaya ya Nyeri. Wengi wetu twamjua kwa jina lake la msituni, Jenerali China, na aghalabu masimulizi juu yake huanzia Mlima Kenya. Hapa tutaanzia mbali zaidi, Burma.

Itote alijiunga na jeshi la KAR mwaka wa 1942, mmoja kati ya Wakenya takriban 98,000 walioingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipitia Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha akapelekwa Burma kupambana na Wajapani. Lugha iliyowaunganisha askari hao ilikuwa Kikeya, kile Kiswahili cha kambini ambacho wanaisimu wetu hukitaja kwa tabasamu. Ndicho hata hivyo kilichomwezesha Mkikuyu na Mluhya kuelewana handakini. Huko, kama alivyokuja kusimulia, askari mmoja Mwingereza alimtaka aeleze alikuwa akipigania nini. Itote hakuwa na jibu. Alirudi na swali hilo nyumbani.

Alirejea mwaka wa 1945. Mtu aliyeaminiwa bunduki alidaiwa tena kipande. Wazungu waliotoka katika vita vivyo hivyo walitengewa mashamba katika nyanda za juu, ambako askari Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata ekari moja. Itote alipata kazi ya kuchochea moto wa injini za garimoshi. Si kazi ya aibu. Lakini ni nani aliyeyahitaji maarifa aliyotoka nayo, ya kuvizia, kupanga kikosi na kuishi porini kwa chakula haba? Serikali haikuyahitaji, Mau Mau waliyahitaji. Alihusiana na kundi la Anake a Forty jijini Nairobi, akala kiapo, na mwaka wa 1952 akaingia Mlima Kenya, akawapanga wapiganaji kwa vikosi na vyeo kama alivyofunzwa na Waingereza wenyewe.

Januari 1954 alipigwa risasi ya shingo, akakamatwa. Alihukumiwa kunyongwa, kisha akasamehewa kifo baada ya kukubali kuwa mpatanishi baina ya serikali na wenzake. Mazungumzo yalivunjika Aprili mwaka huo. Wapo waliomwita msaliti. Binafsi naona vigumu kumhukumu mtu aliyechagua kati ya kitanzi na kalamu, ingawa sithubutu kusema waliobaki msituni hawakuwa na haki ya kuuliza. Alifungwa Lokitaung, Turkana, ambako alifunzwa Kiingereza na mfungwa mwenzake, Jomo Kenyatta.

Kurudi kwa pili kulikuwa mwaka wa 1962. Safari hii mlango ulifunguka: baada ya uhuru alipewa wadhifa wa juu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka wa 1967 akachapisha kumbukumbu zake. Haikuwa hivyo kwa wengi aliowaongoza. Walitoka msituni wakakuta mashamba yamekwisha kugawanywa na kusajiliwa, na ya kuuzwa yakihitaji fedha wasizokuwa nazo. Jemadari alikuwa na ofisi. Askari wake walikuwa vibarua.

Itote alifariki mwaka wa 1993. Sheria ya kikoloni iliyoharamisha Mau Mau ilikuwa ingali ikitumika, na haikuondolewa hadi mwaka wa 2003.