George Müller: Mwizi Aliyefanywa Baba wa Yatima

Somo: Yakobo 1:27, Zaburi 68:5

Tunazidi kuongea juu ya upendo katika siku hizi ambazo mioyo ya watu imepoa. Sote tumeona vile mambo huenda. Mazishi yakiisha, hema linakunjwa, magari yanaondoka, jamaa wanagawana ng'ombe na viti, lakini watoto hakuna anayewagombania. Wanabaki na nyanya yao ambaye hata yeye anahitaji kutunzwa. Tusidhani ugumu huu ulianza juzi. Hebu twende Uingereza, karibu miaka 200 iliyopita, tumwangalie mtu mmoja ambaye hakupita kando.

George Müller hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka wa 1805 huko Prussia, katika Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mtoza ushuru, na kijana alianza wizi akiwa bado mdogo sana, ati akichukua pesa za serikali ambazo baba alikuwa ameweka nyumbani. Siku moja mzee alihesabu pesa kidogo akaziacha wazi kama mtego. Kijana akachukua, akazificha ndani ya kiatu chini ya wayo. Akapekuliwa, zikapatikana. Usiku ambao mama yake alifariki, George, miaka 14, alikuwa akicheza karata bila habari, na kesho yake akaonekana mitaani amelewa. Alipofika miaka 16 alikaa gerezani zaidi ya wiki tatu kwa sababu ya kulala kwenye hoteli na kukataa kulipa.

Na huyu ndiye alikuwa akisomea uchungaji! Baba alitaka awe kasisi ili apate nyumba nzuri na maisha ya starehe. Lakini mwaka wa 1825, akiwa chuoni Halle, rafiki alimpeleka kwenye mkutano mdogo wa maombi nyumbani kwa muumini mmoja. Akaona mtu akipiga magoti kuomba. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho maishani mwake. Alitoka pale akiwa mtu mwingine. Kule Halle pia kulikuwa na nyumba kubwa ya yatima iliyoanzishwa zaidi ya miaka 100 nyuma na mtumishi aitwaye Francke, na Müller alipata kulala huko kwa muda, katika vyumba vya wanafunzi maskini. Mbegu ilianguka hapo.

Mwaka wa 1829 akaja Uingereza, na mwaka uliofuata alikuwa mchungaji wa kanisa dogo mji wa Teignmouth, amemwoa dada Mary Groves. Mshahara wake ulitoka kwa kodi ya viti. Ndiyo, viti vya kanisani vilikodishwa: mwenye pesa akae pazuri, maskini akae panapobaki. Müller aliposoma Yakobo sura ya 2, akakataa mshahara huo. (Sisi hatukodishi viti, lakini tunajua ni nani huitwa aje mbele akichelewa.) Tangu siku hiyo mpaka kifo chake hakupokea mshahara wowote wa kudumu.

Mwaka wa 1832 wakahamia Bristol, na mwaka huo huo kipindupindu kikaingia mjini. Watoto wengi waliachwa bila mtu. Wangeenda wapi? Kulikuwa na nyumba za umma za maskini, mahali ambapo mtu hangeenda kwa hiari yake. Nyumba nyingi za yatima nazo zilipokea watoto kwa kura! Waliochanga pesa ndio waliopiga kura, kwa hivyo mjane au shangazi alizunguka milango ya matajiri akimpigia mtoto kampeni kama mwanasiasa. Yule asiyejuana na mtu alikosa. Müller akaamua kwamba kwake hakuna kura. Mtoto asiye na baba wala mama, na asiye na kitu, huyo ndiye ataingia.

Hakuitisha harambee. Aliomba Mungu, akatangaza nia yake, basi. Kati ya watoaji wa kwanza kulikuwa na dada mmoja mshonaji, mgonjwa-mgonjwa, ambaye mapato yake yalikuwa kama shilingi tatu na nusu kwa wiki. Alileta pauni 100. Ukipiga hesabu, pauni moja ikiwa shilingi 20, hiyo ni kazi ya karibu miaka 11. Müller hakushangilia. Alimwita akamhoji, asije akawa ametoa kwa msukumo wa siku moja halafu ajute. Kumbe dada huyu alikuwa amerithi kama pauni 480. Baba yake alikufa na madeni, na wadai walikuwa wamekubali kulipwa robo tu. Yeye kimya kimya akawalipa waliobaki nalo. Mama yake akampa pauni 100. Baada ya hapo ndipo akaja kwa yatima. Müller aliporidhika kwamba anajua anachofanya, ndipo akapokea. Watumishi wangapi leo wangemwuliza mtoaji maswali kabla ya kuchukua bahasha?

Nyumba ya kwanza ilikuwa Wilson Street. Siku ya kupokea maombi ya nafasi ilipofika, Februari 1836, alikaa akingoja na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja. Akakumbuka kwamba aliombea pesa, nyumba na wafanyakazi, lakini hakuwa ameombea watoto. Jioni akapiga magoti. Kesho yake ombi la kwanza likaja. Aprili wakafungua kwa nafasi za wasichana 30.

Nyumba zikawa nne barabara hiyo hiyo, na mwaka wa 1845 jirani mmoja akaandika barua ya adabu akilalamikia kelele. Müller angeweza kusema jirani ni adui wa kazi ya Mungu. Hakusema. Alikiri kwamba jirani ana haki, watoto wengi hivyo wana kelele, na mifereji haitoshi. Akatafuta shamba nje ya mji, Ashley Down. Mwenye shamba alikosa usingizi usiku mmoja akiwaza jambo hilo, na asubuhi akateremsha bei kutoka pauni 200 kwa ekari hadi 120. Kufikia 1870 kulikuwa na nyumba kubwa tano zenye nafasi za watoto 2,050.

Kuna siku hazikuwa na senti. Wafanyakazi walikusanyika wakaomba, na wengine wakauza vitu vyao wenyewe. Kukopa kwa mwokaji mikate alikataa. Mwishoni mwa 1857 boila ya kupasha joto nyumba ya watoto 300 ilivuja, na upepo wa baridi ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini. Aliomba mambo mawili: upepo wa kusini, na mafundi wenye moyo wa kazi. Siku ya kuzima moto ule, upepo wa kusini ukaja. Jioni mafundi wakasema hawaendi nyumbani, watafanya kazi usiku kucha. Mimi huyo upepo unanifurahisha, lakini wale mafundi wananigusa zaidi.

Jambo moja linanisumbua. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakupokelewa. Labda huyo ndiye aliyekuwa peke yake kuliko wote. Ni desturi ya wakati ule, lakini siwezi kusema ilikuwa sawa.

Wale waliopokelewa hawakulishwa tu. Walisomeshwa, wavulana wakatafutiwa mafundi wa kuwafunza kazi, wasichana wakaandaliwa kujitegemea. Watu wenye nafasi wakalalamika kwamba anawainua maskini kupita kiwango chao! Katika maisha yake watoto zaidi ya 10,000 walipita mikononi mwake, na kila senti iliandikwa kwenye ripoti ya mwaka. Kijana aliyeficha pesa za serikali kiatuni alipitishiwa karibu pauni milioni moja na nusu.

Alifariki asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898, miaka 92, baada ya kuongoza maombi jioni iliyotangulia. Mali yake yote haikufika pauni 200, vitabu na vyombo vya nyumba vikiwemo. Siku ya maziko maelfu ya watu wa Bristol walijipanga barabarani, na nyuma ya jeneza walitembea watoto wa Ashley Down.