Aniceti Kitereza: Kilatini cha Rubya na Riwaya ya Kikerewe

Mwanafunzi wa uzamili atokaye Bariadi, akitaka kuchunguza urithi wa Wayunani na Warumi kandokando ya Ziwa Viktoria, hana haja ya kuanzia Roma. Na aanzie Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke inayopakana na Mkoa wa Simiyu.

Huko ndiko alikoishi Aniceti Kitereza (1896–1981). Mwaka 1909 alikwenda Seminari ya Rubya, Bukoba, akasoma kwa takribani miaka kumi Kilatini, teolojia, na falsafa iliyojengwa juu ya misingi ya Aristotle. Hakupata upadri, alimwoa Anna Katura. Watoto wao hawakuishi.

Kufikia 1945 alikuwa amekamilisha, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotaabika kutafuta mtoto. Kumhesabu kuwa msimulizi wa kijijini tu, asiye na elimu ya vitabu, ni kosa. Naona Kilatini, lugha iliyodumu kwa maandishi baada ya wasemaji wake kutoweka, ndicho kilichomfunza thamani ya kuiandika lugha ya wachache. Mchapishaji hakupatikana. Uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980. Muswada wa Kikerewe hakuuona ukichapwa.