Jeevanjee: Gazeti Aliloliuza na Bustani Aliyoitoa



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, ambaye habari zake zaweza kutufaa sisi tuliosoma hapa Lushoto. Najua wengi mngetarajia nimwandike Kimweri, mtawala wa Wasambaa. Mimi nimemchagua mgeni, Alibhai Mulla Jeevanjee, Mhindi wa Karachi aliyehamia Mombasa, akawa mwenye gazeti na baadaye mwanasiasa. Sababu ya kumchagua iko katika maktaba ya shule yetu.

Mliosoma nami katika miaka ya 1990 mnalikumbuka gazeti la Daily News. Lilikuwa likipandishwa na basi kutoka Mombo, likapita Soni, likatufikia limechelewa siku moja au mbili. Mimi nilikuwa kiranja wa maktaba, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwaamua wanaogombea ukurasa wa michezo. Wakati huo sikuijua nasaba ya gazeti lile. Daily News lilizaliwa mwaka 1972, pale The Standard na The Nationalist yalipounganishwa. The Standard, lililotaifishwa mwaka 1970, kabla yake liliitwa Tanganyika Standard, na lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1930 na wenye East African Standard la Nairobi. Na hilo la Nairobi ndilo lililoanzishwa na Jeevanjee mjini Mombasa mwaka 1902. Kumbe karatasi tuliyokuwa tukiinyang'anyana huku mlimani ilikuwa kitukuu cha karatasi ya mtu huyu.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jumuiya ya Mabohora. Siku hizo Karachi ilikuwa sehemu ya Uhindi wa Waingereza. Leo imo katika Pakistan. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Aliondoka kwao akiwa kijana kwenda kutafuta maisha, akafika hata Australia na kufanya biashara katika mji wa Adelaide. Mwaka 1890 akaja Mombasa.

Bahati yake ilifunguka kwa reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga njia ya gari moshi kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, na Jeevanjee akapata kandarasi za kuleta vibarua kutoka Uhindi na kuwapatia chakula. Kwa jumla vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kwa kazi hiyo, ingawa si wote kwa mkono wake. Karibu 2,500 kati yao hawakurudi makwao. Walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine kwa meno ya simba wa Tsavo. Reli ilifika ziwani mwaka 1901. Wajerumani kwa upande wao walikuwa wameanza reli yao ya Tanga mapema zaidi, mwaka 1893, lakini haikufika Mombo, chini ya mlima wetu, mpaka mwaka 1905.

Fedha za reli zilimpa Jeevanjee nyumba, viwanja, meli na sauti. Sauti hiyo ilikuwa African Standard, gazeti la kila wiki kwa lugha ya Kiingereza. Alimwajiri Mwingereza, W. H. Tiller, awe mhariri. Fikirini jambo hilo: katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, Mwingereza anapokea mshahara wake kwa Mhindi, na habari za serikali zinachapwa kwa mtambo wa Mhindi.

Halafu, mwaka 1905, aliliuza. Walionunua walikuwa Waingereza wawili, nao wakalipa jina la East African Standard. Mwaka 1910 lilihamia Nairobi na kuwa gazeti la kila siku. Kwa hesabu ya duka, mauzo yale hayakuwa na kosa. Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuza. Lakini gazeti si gunia la mchele. Mchele ukishauzwa huliwa ukaisha, bali gazeti huendelea kusema, na husema ya yule aliyelinunua. Gazeti lile likawa msemaji wa walowezi wa Kizungu.

Ubaya wa jambo hilo ulidhihirika alipoingia katika siasa. Walowezi walikuwa wakitaka nyanda za juu za Kenya ziwe zao peke yao, na Wahindi wasiuziwe ardhi huko. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1907, na kufikia mwaka 1910 Jeevanjee alikuwa amekwisha teuliwa kuwa mjumbe wake, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Alikuwa peke yake. Alidai haki ya Wahindi kumiliki ardhi, akapinga ubaguzi katika makazi na biashara, na mwaka 1910 akaenda hadi London kulalamika kwa wakubwa wa huko. Mwaka 1912 alichapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, na mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa walioasisi Kongresi yao. Lakini kila asubuhi, mjini Nairobi, hoja za wapinzani wake zilisomwa katika gazeti alilolianzisha yeye mwenyewe. Mtu aliyekuwa na mtambo wa kuchapa sasa alitegemea vijitabu na barua.

Nisimvike kilemba cha ukoka. Jeevanjee alipigania haki ya Wahindi. Wenyeji wa nchi hawakuwa katika hesabu zake. Katika madai yake alifikia hata kutaka Afrika Mashariki iunganishwe na Uhindi. Ardhi waliyokuwa wakiigombea yeye na walowezi ilikuwa na wenyewe, Wakikuyu, Wamasai na wengineo, nao hawakuitwa barazani. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika baraza lile mwaka 1944. Jeevanjee alikuwa amefariki Nairobi tangu mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 80, na utajiri wake umepungua sana.

Limebaki jambo moja. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kuuza gazeti, alitoa kiwanja katikati ya Nairobi kiwe bustani ya watu wote. Waliokuwa wakimjua huenda walikiona kitu kidogo kwa tajiri kama yeye. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga mahali hapo maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wananchi wengine kuupinga, na bustani ikasalimika.

Nilipelekwa Nairobi kikazi, na mchana mmoja niliingia katika bustani hiyo kupumzika. Nilikuta vibarua wamelala majanini, mhubiri anapaza sauti, na chini ya miti kundi la watu wakijadili bei ya unga na matendo ya wabunge wao. Nilielezwa kwamba wanajiita Bunge la Mwananchi. Basi katika kiwanja cha mtu aliyeketi barazani peke yake, leo wanaketi wote, bila kuteuliwa na gavana.

Niliondoka pale nikiwa na fedheha yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi za ardhi. Nikiwa bado mgeni kazini, katika mji ambao sitautaja, lililetwa mezani kwangu jalada la kubadili matumizi ya kiwanja cha wazi walipokuwa wakicheza watoto, ili pajengwe maduka. Nilizijua sababu za kukataa. Nikaandika dokezo laini, lisilokataa wala kukubali, nikalipeleka juu. Kiwanja kikaenda. Nimepita hapo mara nyingi baadaye, na sijapata kununua kitu katika maduka yale.

Katika ajenda za mkutano wetu wa mwaka huu kuna pendekezo la kukodisha upande wa chini wa uwanja wa michezo wa shule, vijengwe vibanda vya biashara, na kodi yake itengeneze paa la maktaba. Waliolileta ni rafiki zangu na nia yao ni njema. Paa linavuja kweli, nami maktaba ile naipenda kuliko wengi wenu. Lakini safari hii sitaandika dokezo laini. Nitapiga kura ya hapana, na siku hiyo hiyo nitamkabidhi mweka hazina mchango wangu wa mabati. Anayetaka kuungana nami tuonane mapema, kabla mkutano haujafunguliwa.